Mti wa Kazi na Sifuri ya Jenerali

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kabla hujalisema wewe, kwa sababu katika nchi yetu anayekiri ujinga wake huachwa aende nyumbani, na anayeukana hupewa wizara. Nchi yenyewe sitaitaja jina. Bado naishi humo, na mto wangu wa kulalia nimeshauzoea.

Mambo yalianza pale Serikali ilipogundua, kwa masikitiko makubwa, kwamba wananchi walikuwa wakifanya kazi ovyo ovyo. Mtu aliamka asubuhi akashona viatu, basi. Mwingine alikaanga vitumbua, akauza, vikaisha, wala hakujua yuko chini ya nani. Taifa likaonekana liko hatarini. Ikaundwa Wizara ya Uainishaji na Ustawi wa Ngazi, na juu yake akakalishwa Mheshimiwa Daktari Malekano, msomi aliyekaa ng'ambo miaka mingi akisomea jambo ambalo hadi leo hajapata nafasi ya kulitaja.

"Ndugu wananchi," alisema katika hotuba yake ya kwanza, "ninyi ni majani. Jani lisilojua kitawi chake ni takataka, na takataka hufagiliwa."

Makofi yalipigwa kwa ari kubwa. Kwetu makofi yana wakaguzi, na wakaguzi wana virungu.

Basi sheria ikatoka. Kila kazi ipewe msimbo, na misimbo yote ipangwe kama mti. Tarakimu moja ni tawi kubwa, mbili ni tawi dogo lililo ndani yake, tatu ni kitawi, nne ni jani, yaani kazi yenyewe. Ukitaka kujua jani liko chini ya nani, unakata tarakimu ya mwisho. Ukitaka kumjua mkubwa wa huyo mkubwa, unakata tena. Unakata hivyo hivyo mpaka ufike juu, na huko juu ukikata unakatwa wewe.

Msimbo 1 ulikuwa wa Mheshimiwa Rais peke yake. Mawaziri walikuwa na 11. Wao walikataa katakata kupewa tarakimu nne kama sisi. Tarakimu nyingi ni mzigo, walisema, na mizigo ina wachukuzi wake. Tawi la 9 likawa la wafagizi, wachimba mitaro na watu wengine wote wanaofanya kazi.

Sheria ile ilikuwa na mkia. Mtu ambaye kazi yake haimo kwenye mti angeitwa Asiye na Tawi, na jua la Siku ya Mti likizama angepakiwa kwenye lori apelekwe Makazi Mapya. Makazi Mapya yako bondeni. Maji hayajafika, kivuli hakijafika, ila bango la kuwakaribisha wageni lilishasimikwa, na picha ya Waziri imelijaza lote.

Kazi ya kuuotesha mti huo ndani ya kompyuta nilipewa mimi, Chande. Wizara ilikuwa na wataalamu wake, wote wapwa wa Waziri, lakini siku zote walikuwa semina. Mimi sikuwa na shahada. Python, lugha ya kuiamrisha kompyuta, nilijifunzia katika maduka ya kutengeneza kompyuta, na kila duka nililofukuzwa niliondoka na somo moja ambalo mwenye duka hakukusudia kunipa.

*

Sasa nikutajie Shangazi Mwanamvua, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa taarifa ya Serikali tu.

Shangazi alikuwa mshika foleni. Usicheke. Nchi yetu ina foleni ya maji, foleni ya mafuta ya kupikia, foleni ya mhuri, na foleni ya kuthibitisha kwamba mhuri ule ni mhuri. Wenye nafasi zao hawasimami. Humtuma Shangazi, naye hufika alfajiri na kigoda chake na kitambaa chake cha kufuma, akakaa. Dirisha likikaribia, mwenye shida hushuka kwenye gari, Shangazi huinuka, yeye huingia. Mimi nimelelewa kwa kazi hiyo. Shule nimesomeshwa kwa magoti ya yule mama.

Nusu ya baraza la mawaziri alishawashikia. Daktari Malekano alimshikia foleni ya pasipoti, foleni ya leseni ya ndoa na foleni ya kung'olewa jino. Siku ya jino, alichobakiza Mheshimiwa kufanya kwa juhudi zake mwenyewe ni kufungua mdomo, na hilo amejaliwa.

Jioni moja alinikuta uani na kompyuta yangu mapajani.

"We Chande. Huo mti wako, nimo?"

"Utakuwemo, Shangazi."

"Sikukuuliza habari za utakuwemo. Ahadi nazisikia redioni. Nimekuuliza, nimo?"

"Nakutafutia tawi."

"Nitafutie la chini chini. Magoti yangu unayajua, hayapandi."

Nikamwandikia hapo hapo, katika tawi la 9, jani moja jipya: Mshika Foleni. Nikaiendesha programu. Mti ukashuka kwenye kioo, kila tawi limesogea ndani kidogo kuliko lililo juu yake, na kule chini kabisa akawa amekaa Shangazi, kana kwamba na kigoda chake kimo. Nikamwonyesha. Akauangalia muda mrefu, kisha akasema, "Mbona juu kumejaa watu wasiofanya kitu?" Akaenda zake kupika.

*

Waziri alikuja kuukagua mti akiwa na Jenerali Mponda, Mkuu wa Majeshi, mtu mpole sana, kama walivyo wapole watu wote wenye vifaru.

Jenerali akauliza jeshi liko wapi. Nikamwonyesha. Jeshi lilikuwa tawi la 0. Yeye mwenyewe alikuwa 01, na makanali wake 011.

"Sifuri," akasema.

"Si sifuri ya kukosa, Afande. Ni sifuri ya kutangulia. Inakaa mbele ya moja."

"Na moja ni nani?"

"Moja ni Mheshimiwa Rais."

"Kwa hiyo mbele ya Rais ni mimi."

"Kwa kuhesabu tu, Afande."

"Kwa kuhesabu tu," alirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Akaridhika. Akaomba chai.

Daktari Malekano hakuridhika. Aliukaribia uso wa kompyuta mpaka pua ikaacha alama.

"Hizi ni nini?"

"Ni fungua semi na funga semi, Mheshimiwa."

"Fungua semi naijua, nina shahada. Nakuuliza, kwa nini kila msimbo wa Serikali umeufungia ndani ya alama hizo, kama mtu anayetamka 'kiongozi' huku akikonyeza jicho?"

"Python inapenda hivyo, Mheshimiwa. Inauchukua msimbo kama maandishi."

"Nchi hii haiongozwi kwa maandishi. Inaongozwa kwa namba. Namba zangu zisiwekewe mashaka kila upande." Akashuka na kidole chake hadi chini. Kikasimama. "Na huyu? Mshika Foleni? Foleni gani?"

Nikaanza kumweleza.

"Nchini humu hakuna foleni," akasema, mwandishi wake akiandika. "Kuna mikusanyiko ya wananchi wenye shauku ya kuhudumiwa. Nikimtambua mshika foleni, nimeitambua foleni. Nikiitambua foleni, kesho ataniuliza mtu ilitokea wapi."

"Mheshimiwa, ni shangazi yangu. Ni Bi. Mwanamvua. Aliwahi kukushikia…"

"Simjui."

Jenerali alipotoka kwenda kuangalia kama gari lake bado limezungukwa na askari, Waziri akanivuta pembeni. Sauti ikawa ya kindugu. "Sikiliza kijana. Wewe ziondoe alama zile, namba ziwe namba. Mimi nami mstari ule wa shangazi yako sitauona. Tumeelewana?"

Tulielewana. Na hapo ndipo ujinga niliokuahidi mwanzoni ulipoingia, ukavuta kiti. Kwenye programu niliongeza neno moja fupi, int, ambalo kazi yake ni kuyavua maandishi nguo yabaki namba. Anayejifunza Python wiki ya kwanza anajua linachofanya kwa sifuri iliyo mbele. Mimi pia nilijua. Ila saa ile nilikuwa nawaza magoti ya Shangazi, na mtu mwenye furaha hakagui kitu.

Programu haikulalamika hata kidogo. Niliomba ruhusa ya kuujaribu mti kabla ya kusomwa hadharani. Wizara ikanijibu kwamba kujaribu ni dalili ya kukosa imani.

Kesho yake, mbele ya televisheni, Daktari Malekano akazindua Mpango wa Kupogoa. Jani la kwanza alilolipogoa kwa mkono wake mwenyewe lilikuwa la mshika foleni. Nikamkimbilia koridoni.

"Mheshimiwa, tulikubaliana hutauona ule mstari."

"Na sikuuona," akanijibu. "Aliuona katibu wangu. Mimi nilishika mkasi tu."

*

Shangazi nilimkuta anachambua mchele.

"Kanifuta?"

"Kakufuta, Shangazi."

"Yeye Malekano? Yule wa jino?"

"Yeye yule."

Akapepeta mchele, akapuliza makapi. Hakulia, wala hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana.

"Bondeni huko kuna maji?"

"Kuna bango."

"Haya. Na mtu akifutwa, analalamikia wapi? Au hata hapo mlipogoa?"

Nikamweleza. Kulikuwa na Ofisi ya Marekebisho. Ingefunguliwa Siku ya Mti yenyewe, sherehe zikimalizika, na kufungwa jua likizama, saa ile ile ya kuondoka malori. Ilikuwa na dirisha moja, na kanuni yake aliitunga Waziri kwa lengo la kuwachosha watu: anayetaka jani afike mwenyewe, na kazi yake ionekane ikifanyika pale pale mbele ya karani.

"Kutakuwa na foleni hapo?"

"Foleni hakuna, Shangazi. Kuna mkusanyiko wenye shauku."

Akaweka ungo chini. "Nipe kigoda changu."

Siku ya Mti ilikuwa kesho yake. Akaenda kukaa leo.

*

Uwanja wa Taifa ulijaa. Waliokuja kwa hiari walikaa kivulini, na kivuli kilitosha kwa wingi. Jeshi lilileta vifaru vyake vyote kwa ajili ya gwaride. Mheshimiwa Rais alivaa joho la kijani lililoshonewa majani ya dhahabu, na mti wangu ulikuwa umetandazwa kwenye kioo kikubwa kuliko hospitali ya wilaya. Kwa kweli kiligharimiwa na hospitali hiyo.

Aliyepewa kusoma ni mtangazaji mkongwe wa redio ya Taifa, ambaye hajakosea tangu aanze kazi kwa kuwa huwa hasikilizi anachokisoma.

"Tawi la moja," alinguruma. Rais akasimama, akainua mkono kupokea makofi. "Jenerali Mkuu wa Majeshi."

Mkono wa Rais ukabaki juu.

"Tawi la kumi na moja. Makanali."

Akaendelea kusoma. Maseremala walikuwemo, wakunga walikuwemo, wauza maandazi walikuwemo. Rais hakuwemo. Waziri hata mmoja hakuwemo.

Nilielewa papo hapo, na jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. 01 ikivuliwa ile sifuri inabaki 1. 011 inabaki 11. Na Python huweka misimbo katika kitu kinachoitwa kamusi, kilicho kama nyumba yenye milango: kila msimbo ni mlango mmoja, na ndani anakaa mmoja tu. Ukimleta wa pili kwenye mlango ule ule, wa kwanza anatolewa nje bila king'ora. Majina ya jeshi yaliingizwa kwenye programu mwisho, kwa sababu jeshi lilichelewa kuyaleta. Kila ukurasa ulikuwa siri, hata mpiga chapa alitakiwa aandike amefumba macho. Basi Jenerali alifika kwenye mlango wa 1 akamkuta Rais, akamtoa. Makanali walifika kwenye 11 wakawakuta mawaziri, wakawatoa. Nchi nyingine mambo hayo huhitaji alfajiri na risasi. Sisi tulitumia neno int na mabano yake mawili.

Nilikuwa nimeshafika kwenye kibanda cha mitambo nikanyoosha mkono kurekebisha, nikahisi kiganja kizito begani. Jenerali Mponda.

"Kijana, kuna kosa?"

"Dogo tu, Afande. Ile sifuri…"

"Nimekuuliza kama kuna kosa."

Nikaviangalia vifaru. "Hakuna, Afande."

"Vizuri." Akamwambia askari wake, "Kaa na huyu. Asiguse kitufe chochote, atachoka bure."

Kisha akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti kwa unyonge mkubwa. "Mimi ni askari," alisema. "Sikuomba. Lakini kompyuta imesema, na sheria ya mti ilipitishwa na Bunge kwa kauli moja, wengi wenu nikiwa nimewasindikiza mimi. Asiye na tawi anajijua. Malori yapo."

Rais aliondoka uwanjani kwa mlango wa nyuma kwenda ng'ambo kwa matibabu. Ugonjwa wenyewe ulitangazwa baadaye, walipoupata. Mawaziri, ambao pasipoti zao zilikuwa kwenye foleni, wakakimbilia Ofisi ya Marekebisho.

*

Askari wangu alikuwa na shangazi pia, kwa hiyo tulikwenda wote kuangalia.

Mkusanyiko wenye shauku ulikuwa umezunguka jengo zima ukarudi kujiona mgongoni. Dirishani kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Fundi viatu alipiga kisigino, akapewa jani. Msusi alisuka mistari miwili ya kichwa cha karani mwenyewe, akapewa jani. Waziri wa Uchukuzi, aliyewapita watu kwa kuruka ukuta, alitakiwa aonyeshe kazi yake. Akakohoa, akaanza, "Ndugu wananchi." Karani akangoja. Ndugu wananchi hawakupiga makofi, maana wakaguzi nao walikuwa kwenye mstari wakitafuta majani. Akaelekezwa kwenye lori.

Shangazi Mwanamvua angekuwa wa kwanza, ila alikuwa amewapisha wenye watoto wachanga. Sasa ilikuwa zamu yake. Jua lilikuwa limeshagusa paa la jengo la Bima.

"Kazi yako, mama?" karani akauliza, huku nusu ya kichwa imesukwa.

"Nashika foleni."

"Hiyo mimi siioni kwenye muongozo. Muongozo unasema foleni hakuna." Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani. "Nitajuaje kwamba ni kazi na si kwamba umekaa tu?"

Kabla Shangazi hajajibu, mtu alipenya kati ya watu, suti imechanika bega, akihema. Daktari Malekano.

"Bi. Mwanamvua. Bi. Mwanamvua, mama yangu. Afadhali nimekukuta."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, Malekano. Wa pasipoti. Wa jino."

"Ulisema hunijui."

"Nilikuwa kazini. Mama, inuka nipite, jua linazama."

"Hapa leo nimejikalia mwenyewe."

"Lakini hiyo ndiyo kazi yako." Sauti ikampanda. Watu wakageuka. "Umenishikia miaka yote, kila dirisha la mji huu. Nani asiyejua kwamba unashika foleni? Unakaa, mimi naja, unainuka, napita. Ndiyo kazi yako, mama, ifanye."

Karani akanyanyua kalamu. "Mheshimiwa, unathibitisha kwamba hii ni kazi?"

"Nathibitisha nini tena? Kila mtu anajua."

"Na kwamba anaifanya hivi sasa, mbele ya dirisha?"

"Humwoni alivyokaa?"

Karani akaandika. Akagonga mhuri. Akamsukumia Shangazi jani lake, tawi la 9, chini chini kama alivyotaka. Shangazi akalikunja, akalitia kwenye pindo la khanga, akachukua kigoda chake.

Daktari Malekano akaruka kuchukua nafasi. Mwenye kusubiri nyuma ya Shangazi, mchuuzi wa kuni mwenye mabega mapana, alikuwa ameshaichukua. Askari wangu, bila kuambiwa na mtu, akaonyesha kwa mtutu wa bunduki upande ambao mstari ulikuwa unaishia, kona ya pili nyuma ya jengo. Kule kwenye barabara ya kwenda bondeni, malori yalikuwa yameanza kunguruma.

Waziri akamshika Shangazi ncha ya khanga. Nakiri niliona haya kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hakuwa na nafasi ya kuziona mwenyewe.

"Mama, umeshapata unachotaka. Jani si unalo? Kazi yako sasa inatambulika, nimeitambulisha mimi. Basi nenda kule nyuma unishikie foleni, mimi nizungumze na Jenerali. Nakuomba. Ni foleni moja tu."

Shangazi akaitoa khanga yake mkononi mwake polepole, akaikung'uta.

"Foleni gani, Mheshimiwa? Nchini humu hakuna foleni. Nenda kule kwenye mkusanyiko, ukasimame na shauku yako."